Maneno ya Kinyozi

Kwenye benchi la kinyozi, kati ya wanaume waliokuwa wakingoja zamu zao, alikuwa ameketi mwanamke mmoja ambaye hakuja kunyolewa wala hakumleta mtu wa kunyolewa. Alikuwa na mkoba mapajani, miwani puani, na midomo iliyochezacheza bila sauti. Kila mara kinyozi alipokishika kidevu cha mteja na kukiinua, alitamka neno moja, kama mtu anayejisemea, na yule mwanamke alilirudia. Queixo. Kidevu. Mteja aliyekuwa kitini alijaribu kugeuka amwone huyo anayekitaja kidevu chake, akaambiwa atulie, na hilo nalo mwanamke akalirudia: quieto.

Mtaani walimwita Mwalimu, ingawa alikuwa amestaafu siku nyingi. Alikuwa amewafundisha Kiingereza watoto wa mtaa mzima, na baadhi ya watoto hao sasa walikuwa wameketi naye kwenye lile benchi, wana ndevu na vitambi, wakimpisha mahali penye feni kwa heshima ile ile ya zamani na kuona haya kusimuliana mambo yao mbele yake. Mmoja alimuuliza kwa nini anajisumbua na Kireno kwa umri ule. Mwalimu akamjibu kwamba mumewe amehamia huko. Benchi zima likacheka. Yeye hakucheka, maana hakuwa akitania.

Mumewe, fundi wa mizani, hakuwa amehamia popote kwa miguu. Mguu wenyewe mmoja ulikuwa hautii tena amri yake, wala mkono wa upande ule. Alipatwa na kiharusi akiwa karakanani, ameinamia mizani ya duka la nafaka aliyokuwa ameifungua matumbo nje. Alipozinduka hospitalini alizungumza, na madaktari wakafurahi, kisha wakatazamana. Alikuwa akizungumza Kireno, lugha ya kwao alikozaliwa, aliyoiacha ng'ambo ya mpaka alipokuwa kijana. Katika miaka yote ya ndoa mkewe alikuwa ameisikia mara chache tu, hasa fundi alipojigonga kidole kwa nyundo. Kiswahili walichochumbiana nacho, walichomlelea mtoto na kugombana nacho kuhusu dirisha lifungwe au liachwe wazi, kilikuwa kimefutika chote. Daktari alieleza kwamba mambo hayo hutokea, kwamba lugha ya kwanza wakati mwingine hubaki zile zilizofuata zinapoondoka, kwamba huenda zikarudi na huenda zisirudi. Alieleza vizuri. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza yeye sasa afanye nini, na daktari akatazama saa yake.

Wala haikuwa lugha peke yake iliyokwenda. Mwalimu naye alikwenda nayo. Fundi alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama karani wa posta. Mwalimu alipotaka kumwosha, Fundi alijifunika shuka mpaka shingoni kwa ule mkono wake mzima. Alipompelekea kijiko, alifumba mdomo na kugeukia ukutani, si kwa hasira bali kwa haya, haya ya mwanamume mstaarabu ambaye hataki kulishwa na mwanamke asiyemjua. Alikuwa akikonda. Ndevu zilimwota ovyo, nyeupe, zikamfanya afanane na mtu mwingine kabisa.

Kusahauliwa, Mwalimu angeweza kuvumilia. Aliona wazee wengi wakisahau, akajua si dhambi yao. Lililomkata maini ni kuonewa haya na mtu aliyezaa naye.

Binti yao wa pekee, aliyeishi mji mwingine na kufanya kazi ya bima, alikuja akaona, naye ni mtu wa kuona mara moja na kuamua. Alitafuta nyumba ya kulelea wazee, safi, yenye bustani, na humo akagundua mhudumu mmoja anayezungumza Kireno tangu utotoni. Alirudi na habari hiyo kama mtu aliyeokota dhahabu. Akamkalisha mama yake jikoni.

"Mama, unajimaliza," alisema. "Hulali, huli. Kule kuna mtu atakayemwelewa Baba. Wewe humwelewi, na yeye hakuelewi. Mnateseka wote wawili bure."

Mwalimu alijua kwamba kila neno lilikuwa kweli. Hakuweza kusema kwamba anamtaka mumewe ndani ya nyumba hii hata kama hamjui, kwamba akitoka kwa mlango ule hajui yeye atakuwa mke wa nani. Alisema tu, "Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Nitajifunza." Binti alimtazama jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akiwatazama wanafunzi walioahidi kusoma kitabu kizima siku moja kabla ya mtihani. Lakini alikubali, kwa shingo upande.

Alianza vibaya. Kwa kuwa Kiingereza ndicho kilichomlisha maisha yake yote, alinunua kitabu cha kujifunza Kireno kilichoandikiwa wasemaji wa Kiingereza, akidhani njia aliyoizoea ndiyo itakayomfikisha haraka. Kitabu kilikuwa cha watalii. Kilimfundisha kuagiza mvinyo mweupe, kuuliza ufuo uko upande gani, na kulalamika kwamba chumba cha hoteli hakina mataulo. Mwalimu, ambaye hakuwahi kuruka somo tangu azaliwe, aliyakariri yote kwa mpangilio, kisha akasimama kando ya kitanda na kumtangazia mumewe kwamba ameshalipia chumba cha watu wawili chenye roshani. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akatazama dirishani, kwa huruma.

Palikuwa na vifaraja vidogo. Aligundua kwamba baadhi ya maneno yalikuwa yameshaingia nyumbani mwake kabla yake na kujifanya wenyeji: meza, leso, parafujo, foronya. Alasiri moja alizunguka vyumbani akigusa vitu, akifurahi kama mtu anayekutana na jamaa zake stendi. Alimwinulia Fundi foronya aliyokuwa akiianua na kuitaja kwa Kireno, fronha. Fundi akaipokea, akaikunja vizuri kwa mkono mmoja juu ya goti, akamrudishia. Ni adabu ambayo mgeni humfanyia mwenye nyumba. Mwalimu akaenda kulia karoni, bomba la maji likiwa limefunguliwa.

Ndipo akamkumbuka kinyozi wa pembe ya mtaa, ambaye alitoka ng'ambo ile ile aliyotoka Fundi. Alimwendea na kumwomba aje nyumbani amfundishe. Kinyozi alikuna kichwa. Kiti chake hakifanyi kazi peke yake, alisema, na akifunga duka saa moja tu wateja wanahamia kwa yule wa upande wa pili wa barabara, ambaye hata kukata masikio ya watu hakumwogopeshi.

"Tena mimi kufundisha sijui, Mwalimu," aliongeza. "Ila ukija ukakaa pale, kila ninachoshika nitakitaja. Utakachokamata ni chako."

Basi hivyo ndivyo alivyoketi kwenye benchi la wanaume kila adhuhuri, jirani wa mlango wa pili akimwangalizia mgonjwa. Kinyozi alishika wembe akautaja, akashika povu, brashi, taulo, shingo, sikio. Alisema geuka, inama, polepole, tayari. Alisema samahani kila alipopitisha mkono mbele ya uso wa mtu, com licença, kwani alilelewa vizuri. Alasiri, akifagia nywele, alisema kwamba amechoka, na Mwalimu aliyekuwa akifunga mkoba wake aliliokota hilo nalo. Yeye aliyewahi kuwaambia walimu vijana kwamba mtoto huiga lugha ya mahali anapoketi, hakuona yeye ameketi wapi. Alijua kumwita mteja anayefuata. Hakujua neno la njaa.

Na alikuwa amechoka. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Alikuwa amechoka kiasi cha kuweka chumvi kwenye chai na kuinywa, akiona uvivu kuimwaga. Mashuka aliyafua yakiwa hayajakauka yale ya jana. Tangu Fundi arudi kutoka hospitali, alikuwa akisinzia kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda, maana alipojaribu kupanda kitandani kwake, upande wake mwenyewe, mumewe alijikunyata na kuomba msamaha kwa Kireno. Alishuka, na hakupanda tena.

Asubuhi moja aliingia na beseni la maji vuguvugu. Mikono yote ilikuwa na kazi, kwa hiyo taulo alikuwa amelitupia begani. Alilitua beseni, akatoa maneno aliyokuwa nayo, kwa mpangilio ule ule alioyapokea nao kwenye benchi. Habari za asubuhi. Maji ya uvuguvugu. Samahani. Inua kidevu.

Fundi aliutazama uso wake, akalitazama taulo begani, akalitazama beseni. Kitu fulani kikafunguka katika paji lake la uso, kama kwa mtu aliyepotea njia na kuona duka analolifahamu. Akainua kidevu. Kisha akajipapasa shavu lililojaa ndevu, akatikisa kichwa kwa aibu, akasema neno ambalo Mwalimu alilisikia kila siku kutoka kwa wateja. Barba, ndevu. Alikuwa akiomba radhi kwa kuchelewa kuja kunyolewa.

Ikamchukua Mwalimu kitambo kuelewa kwamba mumewe amemfanya kinyozi. Alikwenda jikoni, akajiziba mdomo kwa taulo na kucheka, na kicheko kilipoisha aliona kwamba analia. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa wembe wa Fundi, brashi yake na sabuni yake, akarudi.

Alimpaka povu mashavuni. Alisema polepole, na alifanya polepole. Alisema geuka, na Fundi aligeuka. Chini ya povu ulitokea uso anaoujua, umekonda, lakini ni ule ule, wenye kovu dogo chini ya mdomo lililosababishwa na springi ya mizani iliyofyatuka. Alipomaliza ndevu aliosha shingo, kisha mabega, kisha kifua, akiomba samahani kila hatua, na yeye hakujifunika. Mtu mstaarabu hujifunika mbele ya mwanamke asiyemjua. Mbele ya kinyozi hana la kuficha. Adhuhuri Mwalimu alimweleza kinyozi wa kweli yaliyotokea, na huyo, baada ya kufikiri, akampa ushauri wa kazi. Mteja akimaliza apewe kikombe mkononi, alisema, wala asilishwe, kwa sababu kinyozi halishi watu. Kesho yake Fundi alishika kikombe mwenyewe, akanywa chai yote, akaula mkate uliokuwa kwenye sahani kando, na Mwalimu akajifanya anafuta wembe ili asionekane akimtazama.

Ulikuwa ushindi, na ulimuuma. Alikuwa amepata mteja. Kila asubuhi alisimama nyuma ya mwanamume aliyemwandikia barua za mapenzi kwa Kiswahili kibovu, akashukuriwa kwa neno fupi la heshima, obrigado, na kila asubuhi ilibidi ajikumbushe kwamba huko ndiko kupona kulikopatikana na kwamba hana haki ya kudai zaidi. Alidai zaidi kimoyomoyo. Angetoa chochote asikie jina lake.

Kisha Fundi alianza kupiga soga, kama wanaume wote wapigavyo wakiwa na taulo shingoni. Mwanzoni Mwalimu alikamata neno moja katika matano. Mengine aliyabeba masikioni hadi kwenye benchi, akayatoa mbele ya kinyozi yakiwa yamevunjika vunjika, na kinyozi akayaunga. Kwa njia hiyo alisikia habari za baba mkwe aliyefariki kabla hawajaonana, na za mbwa aliyekuwa akiiba samli. Halafu siku moja likaja neno mke. Mke wangu hivi, mke wangu vile. Mwalimu alilibeba hilo hadi benchini kama anabeba kaa la moto.

"Anasema mkewe ni mkali," kinyozi alifasiri, na benchi likachekelea chinichini. "Anasema anaficha sigara kwenye kasha la mawe ya mizani, na mkewe hajui."

Mwalimu alijua miaka na miaka. Lakini usingizi wa kitini siku hiyo haukuja, kwa sababu wazo moja lilimwingia kama mwiba: labda si yeye. Labda kule ng'ambo, kabla ya mpaka, kulikuwa na mke mwingine, na huyo ndiye aliyebaki na lugha yake. Alimnyoa kesho yake kwa mkono mzito. Akakusanya ujasiri na maneno mawili matatu, akamuuliza mkewe anafanya kazi gani. Fundi alitabasamu ndani ya povu. Anafundisha, alisema. Anafundisha Kiingereza. Na hapo Mwalimu hakuhitaji mtu wa kumfasiria.

Kwa hiyo alikuwemo. Ndani ya kichwa kile alikuwemo mzima, akienda shuleni na kurudi, akifoka, akishindwa kuona sigara. Aliyekosa nafasi humo ni huyu mwanamke mzee aliyesimama na wembe. Siku ya mwisho benchini aliomba kinyozi amfundishe jinsi ya kusema "ni mimi". Kinyozi aliacha kazi, na kwa mara ya kwanza akamfundisha maneno bila kushika chochote. Sou eu. Mwalimu aliondoka akiyasema njia nzima. Kesho yake, mwezi ukiisha, binti angefika asubuhi na gari kumchukua baba yake, na Mwalimu alikuwa ameshapanga: atamnyoa, atamwambia, na Fundi atamtazama na kumwita jina lake. Binti akiingia akute hivyo. Baada ya hapo nani angethubutu kuzungumzia bustani.

Asubuhi hiyo alibadilisha shuka mapema na kumketisha Fundi kwenye kiti cha dirishani, penye mwanga. Alipiga povu kuliko kawaida. Alinyoa shavu la kulia, akasafisha wembe. Yale maneno mawili yalikuwa ncha ya ulimi. Fundi akaanza kusema kabla yake.

Mke wangu amechoka, alisema. Cansada. Lilikuwa lile neno la kinyozi wakati wa kufagia nywele, na Mwalimu alisimamisha mkono. Fundi aliendelea polepole, akichagua maneno mepesi, kwani alikwishagundua kwamba kinyozi wake huyu hakijui Kireno sawasawa. Anarudi na chaki kwenye mikono ya gauni, alisema. Anafua, anapika, anasahihisha. Anakaa kitandani anasema hajachoka. Mimi namwona. Kisha akaonyesha kwa kidevu, nusu kina povu nusu hakina, kitanda kilichokuwa nyuma ya Mwalimu, kile kitanda chao chenye shuka safi na kisicho na mtu. Akashusha sauti.

"Deixe-a dormir," alisema. Mwache alale.

Mwalimu aligeuka akakitazama kitanda. Hakuna aliyekuwa amemwambia hayo. Watu walimwambia anajimaliza, walimwambia ajikaze, walimpa pole mlangoni wakaenda zao. Hakuna aliyesema kwamba amemwona. Machozi yalimjaa, wala hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na povu. Aliyatafuta yale maneno mawili na yalikuwepo, hayakupotea, lakini aliona kwamba akiyasema sasa atamwamsha yule mwanamke ambaye mumewe anamlinda.

Alimaliza shavu la kushoto kwa uangalifu, kwa sababu haifai kumwacha mtu nusu. Akamfuta uso. Akamwambia tayari, na Fundi akamshukuru kwa kunong'ona. Akampa kikombe mkononi. Kisha akavua miwani, akaiweka juu ya meza, akazunguka hadi upande wake wa kitanda, akapanda na kulala, ubavu wa kulia, kama alivyolala miaka yote. Foronya ilikuwa ya baridi. Alisubiri asikie kiti kikisogea kwa mshtuko, au ile sauti ya kuomba msamaha. Hakusikia kitu ila kijiko kikizungushwa katika kikombe kilichowekwa dirishani, taratibu mno, kisiguse ukingo.

Alikuwa ameanza kuzama aliposikia gari nje, kisha ufunguo, kisha viatu vya binti vikigonga sakafu ya ukumbi kwa haraka ya mtu mwenye mambo mengi. Mlango wa chumba ukafunguka. "Baba," binti alianza, "Mama yuko —" na hapo sauti ya Fundi ikamkatiza, chini, kali kidogo, ikiyasema tena yale maneno, deixe-a dormir, kwa mtu ambaye hajui Kireno hata cha salamu.

Mwalimu hakufumbua macho. Mzigo ukawekwa sakafuni. Halafu, kimoja baada ya kingine, viatu vikavuliwa.